Kwadi kwa mtoto: umfuate muuzaji, sheria au daktari?

Muulize muuza kwadi mtoto aanze na umri gani, atakujibu miaka 6. Muulize daktari wa watoto, atakujibu 16. Muulize mwanasheria, naye atakurudishia swali: mtaendeshea wapi? Hakuna anayekudanganya kati yao. Kila mmoja anajibu swali lake, na mzazi anabaki katikati huku mtoto keshapanda kwenye kiti na mikono iko kwenye usukani.

Kwadi ninayoizungumzia ni pikipiki ya magurudumu manne ya kuendeshea nje ya barabara, yenye kiti cha kupandia, usukani wa pikipiki na matairi mapana yenye upepo mdogo. Hapa nalinganisha kwanza umri unaotajwa na pande hizo tatu, kisha kwadi yenyewe na mashine mbili zinazoweza kushika nafasi yake. Msimamo wangu nautaja mapema usije ukadhani nimeuficha: umri ulioandikwa popote pale ni mahali pa kuanza kuuliza maswali, na maswali yenyewe yanahusu urefu wa mtoto, uzito wake, tabia yake na mtu mzima atakayesimama pale akimwangalia.

Umri wa kwenye stika

Kila kwadi mpya inayouzwa kihalali Marekani ina stika inayotaja umri wa chini wa dereva. Watengenezaji hawakuibandika kwa hisani. Pikipiki za magurudumu matatu, ambazo Honda ilianza kuziuza huko mwaka 1970, zilikuwa na sifa mbaya ya kupinduka, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 idadi ya majeruhi ilikuwa imeshawashtua madaktari na serikali. Mwaka 1988 serikali na watengenezaji wakuu walifikia makubaliano yaliyothibitishwa na mahakama: za magurudumu matatu zisiuzwe tena mpya, mnunuzi apewe mafunzo, na mashine ya mtu mzima isiuzwe kwa ajili ya mtoto. Makubaliano hayo yalikuwa ya miaka 10. Yalipokwisha, watengenezaji walibaki na hiari yao, mpaka sheria ya usalama wa bidhaa ya 2008 ilipofanya kiwango cha sekta kuwa cha lazima kwa kila anayetengeneza au kuingiza kwadi nchini humo.

Zamani kipimo kilikuwa ukubwa wa injini: chini ya cc 70 kwa wenye miaka 6 hadi 11, cc 70 hadi 90 kwa wenye 12 hadi 15, na zaidi ya cc 90 kwa wenye 16 kwenda juu. Kiwango cha sasa kinaangalia mwendokasi:

| Daraja | Umri wa chini | Mwendo wa juu kabisa (km kwa saa) | Mwendo kidhibiti kikiwa kimewekwa (km kwa saa) |
|---|---|---|---|
| Y-6+ | 6 | 24 | 16 |
| Y-10+ | 10 | 48 | 24 |
| Y-12+ | 12 | 48 | 24 |
| T | 14 chini ya usimamizi wa mtu mzima, au 16 | 61 | 32 |
| Za watu wazima | 16 | hakuna kikomo | – |

Mabadiliko hayo yalikuwa ya maana. Injini mbili za cc 90, moja ya mipigo miwili na nyingine ya mipigo minne, hazina nguvu sawa, na mtu anayejua kazi yake anaweza kuifanya injini ndogo ikimbie kuliko ilivyokusudiwa. Mwendo unapimika. Hata hivyo utakuta maduka, na hata baadhi ya sheria, bado zinapanga watoto kwa cc, kwa hiyo usishangae mashine moja ikitajwa kwa lugha mbili.

Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo yenye faida kubwa kwa mzazi, na ndiyo wengi wasiyoiulizia. Kidhibiti mwendo hurekebishwa kwa kifaa, na mtoto hawezi kukilegeza kwa kidole. Maana yake ni kwamba kwadi ya daraja la Y-10+ inaweza kukaa msimu mzima ikikimbia kilomita 24 kwa saa, mwendo wa baiskeli iliyokolea, mpaka mzazi aridhike. Kwadi isiyo na kidhibiti, hata ikiwa ndogo namna gani, nisingeihesabu kuwa ya mtoto.

Stika ina upofu wake. Haijui kama mtoto wako wa miaka 10 ana kilo 25 au 50, wala haijui kama husikiliza anapoambiwa simama. Walimu wa udereva wa kwadi hutumia kipimo kingine, na kinafanyika mashine ikiwa imezimwa. Mtoto asimame kwenye vikanyagio: kati ya makalio na kiti kuwe na nafasi ya sentimita 8 hadi 15. Akae: viwiko vyake viwe vimekunjika kidogo, na avifikie vishikio vyote viwili hata usukani ukikatwa mpaka mwisho. Anyooshe vidole juu ya mkono wa breki: pingili ya mwisho ya kidole cha kati ivuke mkono huo. Kisha kisigino cha kulia kibaki kwenye kikanyagio, naye akandamize breki ya mguu kwa kukunja kifundo tu, bila kunyanyua mguu wala kuinamia upande. Akikwama kwenye lolote kati ya hayo, mashine si yake, hata kama stika inamruhusu. Ikiwa magoti yanagonga usukani, amekwisha kuizidi, na hilo ni hatari pia kwa sababu atashindwa kuukata usukani ghafla.

Umri wa kwenye sheria

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea, kwa kuwa hutafuta namba moja. Hakuna. Nchini Marekani serikali kuu inasimamia mashine inavyotengenezwa na kuuzwa, lakini nani aendeshe na wapi ni shauri la kila jimbo. Canada ni vivyo hivyo kwa majimbo yake. Ukiziweka sheria hizo pamoja, zinajigawa zenyewe katika tabia nne.

Ya kwanza ni ya kukataza. Massachusetts ilipitisha mwaka 2010 sheria iliyopewa jina la mvulana wa miaka 8 aliyefariki katika ajali ya kwadi. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuendesha, isipokuwa wa miaka 10 hadi 13 wakiwa kwenye mashindano yaliyoidhinishwa au maandalizi yake, chini ya macho ya mtu mzima. Wa miaka 14 na 15 huendesha kwadi ndogo tu, kwa kipimo cha cc 90, wakisimamiwa. Na yeyote aliye chini ya 18 lazima apitie mafunzo. Quebec, huko Canada, imenyoosha zaidi: dereva awe na miaka 16. Sweden nayo inataka miaka 16 na cheti cha udereva wa vyombo vya nje ya barabara.

Ya pili inaigeuza stika kuwa sheria. North Carolina inamzuia mzazi kumruhusu mtoto wa chini ya miaka 8 kuendesha, na kwa wale walio chini ya 16 inasema wafuate umri uliobandikwa na mtengenezaji kwenye mashine, tena mtu mzima awe anawaona muda wote. Naipenda sheria ya namna hii kwa urahisi wake: askari akiifikia mashine anasoma stika, basi. Udhaifu wake ni kwamba inarithi upofu wa stika.

Ya tatu inaamini usimamizi na mafunzo. Texas inataka cheti cha usalama kwa anayeendesha kwenye ardhi ya umma, helmeti na kinga ya macho, na aliye chini ya miaka 14 awe na mzazi, mlezi au mtu mzima aliyeruhusiwa nao. California inataka helmeti kwa kila mpanda kwadi, na aliye chini ya 14 asimamiwe moja kwa moja. Lakini California ina kifungu kimoja ambacho ningekipeleka kila mahali: dereva lazima aweze kuvifikia na kuvitumia vidhibiti vyote vya chombo. Hapo sheria imeacha kuhesabu miaka ikatazama mwili wa mtoto. Ontario iko karibu na kundi hili. Chini ya miaka 12 haruhusiwi, ila akiwa kwenye ardhi inayokaliwa na mwenye chombo, au akisimamiwa kwa karibu na mtu mzima.

Ya nne inabana mashine badala ya dereva. Australia iliweka kiwango cha usalama mwaka 2019. Tangu Oktoba 2020 kila kwadi mpya lazima iwe na onyo la kupinduka na kadi inayoonyesha pembe ya mwinamo ambayo mashine huanza kulala, na tangu Oktoba 2021 kwadi mpya za kazi lazima ziwe na fremu ya kumkinga dereva ikipinduka. Baadhi ya watengenezaji wakubwa waliamua kuacha kuuza kwadi huko kuliko kuifunga fremu hiyo. Sheria nzuri, lakini mzazi asome kwa makini: sharti la fremu linahusu kwadi za kazi za watu wazima. Halikuwekwa kwa ajili ya kwadi ndogo za watoto, na halimgeuzi mtoto wa miaka 11 kuwa dereva wa kwadi ya shambani.

Uingereza ina namna yake ya pembeni: kanuni za 1998 kuhusu ajali za watoto kwenye kilimo zinamkataza aliye chini ya miaka 13 kuendesha trekta na mashine nyingine zinazojiendesha katika kazi za shamba, au hata kupanda juu yake. Zinahusu kazi. Mtoto anayezunguka kwa kujifurahisha jioni ni habari nyingine.

Na hilo linatuleta kwenye tundu ambalo karibu sheria zote hizi zinalo: ardhi binafsi. Cheti cha Texas ni cha ardhi ya umma. Ontario inalegeza kwa ardhi ya mwenye chombo. Majimbo mengi ya Marekani hayagusi kabisa kinachofanyika ndani ya uzio wa mtu. Ukiangalia kisheria inaeleweka, serikali haitaki kuingia uani kwa watu. Ukiangalia kwa jicho la mtoto, mteremko wa nyumbani ni mteremko uleule, na mara nyingi huko nyumbani ndiko hakuna aliyevaa helmeti. Mzazi anayesema "kwetu hakuna sheria inayokataza" amesema kweli, ila jibu hilo halisaidii kuchagua.

Je, kukataza kunasaidia? Massachusetts inatupa jibu lililopimwa. Watafiti walilinganisha takwimu za hospitali kabla na baada ya sheria ya 2010. Waliotibiwa idara ya dharura kwa ajali hizi walipungua kwa asilimia 33 kati ya watoto wa miaka 0 hadi 9, asilimia 50 kati ya wa miaka 10 hadi 13, na asilimia 39 kati ya wa miaka 14 hadi 17. Watu wazima wa miaka 25 hadi 34, ambao sheria haikuwagusa, hawakupungua kwa kiasi hicho. Angalia kundi la katikati lililopungua kwa nusu: ndilo kundi ambalo stika inasema limeshafika umri.

Sheria inaweza pia kupiga kando ya shabaha. Ile sheria ya Marekani ya 2008 iliyolazimisha stika ilikuwa pia na kikomo cha madini ya risasi kwenye bidhaa za watoto. Kikomo kilipoanza Februari 2009, ikaonekana kwamba betri na baadhi ya vipuri vya kwadi za watoto vinakivuka, na maduka yakaziondoa sokoni. Kwadi za watu wazima zikabaki, kwa kuwa hizo si bidhaa za watoto. Familia iliyotaka mashine ndogo ikakuta iliyopo ni kubwa tu. Wakala wa usalama wa bidhaa ulisitisha utekelezaji miezi michache baadaye, na Bunge likazitoa rasmi kwadi hizo kwenye kikomo hicho Agosti 2011. Sijui mtoto gani angeilamba betri ya kwadi.

Umri wa daktari

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikisema tangu miaka ya 1980 kwamba aliye chini ya miaka 16 asiendeshe kwadi. Chama cha madaktari wa watoto cha Canada kinasema hivyohivyo. Hawagawi madaraja wala hawataki kusikia habari za cc.

Kwa nini wawe wakali kuliko sheria? Kwanza wao huwaona watoto baada ya ajali, na ajali ya kwadi ina sura yake. Mashine hupinduka kwa nyuma au ubavu na kumlalia dereva, ikabana kifua asiweze kupumua. Kwadi ya mtu mzima ina kilo 250 hadi 400, na mtoto hawezi kuisukuma imtoke. Pili, kwadi inaendeshwa kwa mwili. Nyingi hazina difu ya nyuma: magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na yanazunguka sawa, kwa hiyo kona haiingii vizuri mpaka dereva ahamishe uzito wake. Mtu wa kilo 80 akiegemea, kwadi ya kilo 300 inatii. Mtoto wa kilo 30 akiegemea, haijui kama kuna mtu juu yake. Tatu ni uamuzi: mtoto wa miaka 12 anaweza kuwa na mikono mizuri kuliko babake na bado asione kwamba mteremko ule una mvunjiko mbele.

Nawaheshimu, na katika jambo moja nawafuata bila kujadili: kwadi ya mtu mzima kwa aliye chini ya 16 ni hapana, hata mara moja, hata polepole, hata uwanja ukiwa tambarare. Sehemu kubwa ya watoto wanaoumia na kufa wamekuwa kwenye mashine za watu wazima, na karibu robo ya majeruhi wote wa kwadi Marekani ni walio chini ya miaka 16. Lakini daktari anazungumza na umma mzima, na kwa umma namba moja rahisi inaokoa wengi. Mzazi anazungumza na mtoto mmoja anayemfahamu. Ndiyo maana sidhani kwamba jibu la 16 linamaliza mjadala kwa mtoto wa miaka 13 mwenye kwadi ya Y-12+, mwalimu, helmeti na uwanja uliofungwa.

Kwadi, pikipiki ndogo au kigari cha viti sambamba

Tukiziacha namba, kuna uchaguzi wa chombo chenyewe. Mzazi huichukua kwadi kwa sababu moja: inasimama yenyewe. Mtoto asiyejua kuendesha baiskeli anaweza kuondoka nayo siku hiyohiyo. Kwangu huo ni upungufu wake mkubwa. Kwadi inamsamehe mtoto makosa yote madogo, halafu inamwadhibu kwa kosa moja kubwa, bila onyo katikati.

Pikipiki ndogo ya nje ya barabara, mfano Yamaha PW50 yenye kilo 41 hivi au Honda CRF50F yenye kilo 50, inafanya kinyume. Inaanguka mara kwa mara, ikiwa na mwendo mdogo, na ikianguka huenda upande mmoja na mtoto upande mwingine. Ni nyepesi kiasi kwamba ikimlalia, mtu mzima anainyanyua kwa mkono mmoja. Inadai mtoto awe keshajua baiskeli, na madai hayo ni chujio zuri kuliko stika yoyote. Ubaya wake: mikono na mabega huvunjika, na mtoto akizoea huanza kutafuta vichuguu vya kurukia. Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9 anayeng'ang'ania injini, mimi ningechagua hii kabla ya kwadi ya Y-6+, na ningechagua baiskeli nzuri kabla ya zote mbili.

Kigari cha viti sambamba kina usukani wa duara, mikanda na fremu ya chuma juu. Vile vikubwa ni vya dereva wa miaka 16 kwenda juu, na abiria lazima awe mrefu kiasi cha kuegemeza mgongo kwenye kiti, nyayo zikiwa sakafuni na mkono kwenye kishikio. Mtoto ambaye miguu inaning'inia hajafikia. Vipo pia vya watoto: Polaris Ranger 150, kwa mfano, imetengwa kwa miaka 10 kwenda juu, na ilikuja na uwezo wa mzazi kuweka mwendo wa juu na mpaka wa eneo ambao chombo kikiuvuka kinapunguza mwendo chenyewe. Uzito wa mtoto hapa hauna kazi kubwa kama kwenye kwadi. Mtego wake ni mkono: kigari kikianza kulala, kila mtu hutoa mkono nje kuzuia, na fremu inaushukia. Wavu wa dirishani na mkanda uliokazwa si mapambo.

Kama lengo ni mtoto kushiriki safari za familia, kigari akiwa abiria aliyefungwa mkanda kinaishinda kwadi waziwazi. Kwenye kwadi ya kiti kimoja hakuna mahali pa mtoto wa pili. Kile kiti kirefu kinachowadanganya watu kimefanywa kirefu ili dereva asogee mbele akipanda mlima na nyuma akishuka. Mtoto aliyepakatwa mbele ya baba anaziba njia ya usukani, na ajali ikitokea baba ndiye anayemlalia.

Ningechagua hivi

Chini ya miaka 10: hakuna kwadi. Stika ya Y-6+ ipo, naielewa, na kuna watoto wanaoiendesha vizuri uwanjani. Lakini sioni anachokipata ambacho hakipati kwenye pikipiki ndogo au baiskeli kwa hatari ndogo zaidi.

Miaka 10 hadi 13: kwadi ya daraja lake, ikiwa amepita kipimo cha viwiko na magoti, kidhibiti kimewekwa, kuna kamba ya kuzima injini iliyofungwa kwenye mwili wake, na mtu mzima yuko kwa miguu karibu, simu ikiwa mfukoni. Mafunzo ya mwalimu aliyesajiliwa kabla ya mazoezi ya baba. Taasisi ya usalama wa kwadi ya Marekani, ATV Safety Institute, imekuwepo tangu 1988 na mpangilio wa masomo yake umeigwa kwingi. Kasoro ya baba ni kwamba humfundisha mtoto kwenda, na mwalimu huanza na kusimama.

Miaka 14 na 15 ndiyo migumu kuliko yote, na ndipo sheria, stika na soko vinapoachana mikono. Kijana wa miaka 15 ana kilo 65 na miguu mirefu. Kwadi ya cc 90 inamkaa vibaya: magoti yako juu, usukani haukati. Ya mtu mzima inamkaa vizuri mno, na hapo ndipo familia nyingi hulegeza. Daraja la T liliundwa kwa ajili yake, lakini aina zake madukani ni chache, na sheria inayopima kwa cc, kama ya Massachusetts, inaweza kumkatalia hata hiyo. Ikiwa sheria ya mnakoishi inaruhusu na daraja la T linapatikana, mchukulie hiyo na umsimamie kama ulivyomsimamia akiwa na miaka 11. Ikiwa halipatikani, asubiri hadi 16 au ahamie pikipiki ya saizi yake. Kumpa ya mtu mzima "kwa kuwa amekua" ndiko kosa ambalo stika, daktari na baadhi ya sheria, wasiokubaliana karibu chochote, wanalikataa kwa pamoja.

Yaliyobaki hayana mjadala wa umri. Helmeti ya pikipiki inayofunika kidevu, yenye alama ya DOT au ECE na saizi ya kichwa cha mtoto. Ya baiskeli haitoshi. Makadirio yanayotumika sana Marekani ni kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa jeraha la kichwa lisiloua kwa asilimia 64. Na lami ni mwiko, hata kwa kuvuka kwenda kwa jirani, isipokuwa kwa kusimama, kuangalia na kuvuka moja kwa moja kwa ruhusa ya sheria. Matairi ya kwadi yameundwa yateleze kidogo kwenye udongo. Kwenye lami yananata, ekseli ile isiyo na difu inagoma, na mashine inajirusha. Zaidi ya nusu ya vifo vya kwadi Marekani hutokea barabarani, kwa chombo ambacho hakikutengenezwa kwa barabara.

Ukinunua iliyotumika, anza na stika. Ikiwa imebanduliwa, tafuta namba ya mashine na umuulize mtengenezaji daraja lake, usimuulize muuzaji. Angalia kidhibiti kipo na hakijakatwa, breki zote zinakamata, na kwadi ina springi za kweli mbele na nyuma. Wakala wa usalama wa bidhaa wa Marekani umetoa maonyo mengi miaka ya karibuni kuhusu kwadi za watoto za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni: zinakimbia kuliko umri uliobandikwa, au hazina kabisa mfumo wa springi. Stika zake zinasema miaka 6 vilevile.